Mmarekani, Mtaliano na Mguu Wangu wa Kulia

Binti yangu aliponipigia simu kuniomba nikawe mwanafunzi wake wa udereva, nilicheka mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kulikoni. Nikamwambia, "Mwanao anataka kunifundisha kuendesha gari." Mke wangu hakucheka. Alifuta mikono, akachukua simu, akaongea na mtoto wake kwa sauti ya chini, kisha akanirudishia. "Mkubalie," akasema. "Na usije ukamwaibisha mtoto wa watu." Mtoto wa watu, kana kwamba mimi sikuhusika.

Nieleze kwanza mimi ni nani, usije ukadhani nilicheka kwa ujinga. Mimi ni dereva wa malori, sasa nimestaafu. Nimevuta trela tangu enzi za usukani mgumu, ule unaougeuza kwa mabega, mpaka enzi za viti vinavyopanda na kushuka vyenyewe. Nimepandisha milima kwenye matope. Nimeteremsha saruji kwenye miteremko ambayo wenzangu waliikataa, na sijawahi kulaza gari ubavu. Barabarani waliniita Trela, nami sikuwakatalia. Mtu kama huyo unamwambiaje aende akafundishwe na binti ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono kumvusha barabara?

Lakini binti yangu si mtu wa kuomba ovyo. Anafanya kazi kwenye uwanja wa mbio, nje kidogo ya mji, mahali ambapo wenye uwezo wao huenda kujaribu yale magari ya kasi ambayo barabara za kawaida haziyawezi. Yeye ni mwalimu. Anakaa kiti cha abiria, anamwelekeza mgeni wapi akanyage na wapi aachie, na mgeni anarudi kwao mzima. Nafasi ya mwalimu mkuu ilikuwa wazi, naye alikuwa ameshapitwa mara mbili. Mara ya kwanza walisema bado mchanga. Mara ya pili hawakusema kitu. Niliumia kuliko yeye, ila mimi ni baba, huwa naumia nikijifanya nakoroma.

Uwanja ule una desturi yake. Anayetaka ukuu hapimwi kwa kuendesha, maana wote wanajua kuendesha. Anapimwa kwa kumfundisha mtu wa nyumbani kwake. Meneja wao anasema mgeni atakusikiliza kwa sababu amelipa, lakini anayeweza kumfundisha ndugu yake bila kugombana, huyo anaweza kumfundisha yeyote.

"Ungemchukua mama yako," nilimwambia kwenye simu.

"Mama anasikia," akanijibu. "Akifanya vizuri watasema ni akili yake mwenyewe. Nahitaji mtu asiyesikia."

Nilipima kwanza kama nimetukanwa. Kisha nikauliza nivae viatu gani.

*

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuta watu wachache tu pale uwanjani. Alikuwepo meneja, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya jua, ambaye alinisalimia vizuri lakini macho yake yalikuwa kwenye miguu yangu, kama mtu anayenunua punda. Alikuwepo mshindani wa binti yangu, mwalimu mwenzake ambaye wote humwita Miwani kwa sababu havui miwani yake nyeusi hata chooni. Yeye alikuwa amemleta shemeji yake, kijana mpole anayeuza vitambaa, ambaye aliitikia "sawa" kabla hujamaliza kusema. Nilipomwona nikajua Miwani amechagua kwa hesabu. Binti yangu alikuwa amechagua kwa kiburi, na kiburi hicho najua alikirithi wapi.

Meneja alitueleza utaratibu. Asubuhi kila mwanafunzi angefundishwa kwenye magari yote mawili. Mchana angechagua gari moja na kuendesha mzunguko wa mwisho, ambao wao wanauita mzunguko wa kimya. Mwalimu anakaa pembeni yake lakini haruhusiwi kusema neno wala kugusa kitu. Gari likitoka nje ya barabara, mwalimu amekosa. Mwalimu akifungua mdomo, amekosa. Ndani ya kila gari kuna kinasa sauti, na meneja husikiliza kwa spika akiwa kwenye chumba chake cha vioo, asije mtu akanong'ona.

Kisha wakafungua mlango wa banda, nikayaona.

La kwanza lilikuwa la buluu, pua ndefu, mabega mapana, limekaa kama mbabe aliyekula akashiba. Hilo walilitoa Marekani, na pale uwanjani jina lake ni Mmarekani. La pili lilikuwa la njano, limelala chini kiasi kwamba paa lake lilinifika kiunoni. Hilo la Italia, nalo ni Mtaliano. Nilifanya kile nilichofanya asubuhi zote za maisha yangu ya kazi: nikalizunguka kila moja nikipiga teke matairi, moja baada ya jingine, nikisikiliza. Nilipofika tairi la nyuma la Mtaliano meneja alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Baba," binti yangu akasema taratibu, "upepo tumepima kwa mashine."

"Mashine haina mguu," nikamjibu. Lakini nikaacha.

*

Tulianza na Mmarekani. Kiti chake kipana, kina nafasi ya mtu mzima na mawazo yake. Kuna kijiti cha gia cha kushika kwa kiganja, kuna makanyagio matatu kama Mungu alivyopanga. Nilipowasha, ngurumo ilianzia tumboni mwangu kabla haijafika masikioni. Nikatabasamu. Binti yangu aliniona, akatazama pembeni.

Ukitaka kujua gari la namna ile, fikiria kichwa cha lori kilichofunguliwa trela. Nguvu iko palepale chini, huna haja ya kuitafuta. Nilikuwa gia ya tatu, mwendo wa kuendea harusini, nikagusa mafuta kidogo tu, na mgongo wangu ukazama kwenye kiti. Mmarekani hakulalamika, hakusubiri. Nikasema moyoni, huyu tunajuana, huyu ni ndugu yangu.

Tukafika kona ya kwanza. Inapinda kulia. Nikavuta usukani kushoto.

"Baba, unaenda wapi?"

"Naweka nafasi."

"Ya nini?"

"Ya trela."

Akasema, "Tazama kioo."

Nikatazama. Nyuma yangu kulikuwa na barabara tupu. Miaka yote ile nimekuwa nikitanua kona ili mkia wangu upite, na mwili ulikuwa umefanya bila kuniuliza. Hakunicheka. Aliniambia nisimamishe gari, tukashuka wote wawili, akanipeleka nyuma ya Mmarekani, akaniweka mkono kwenye bampa. "Linaishia hapa," akasema. "Ukilipitisha hapa, umelipitisha lote." Tukarudi ndani. Kona iliyofuata nilitanua tena, lakini kidogo. Ile ya baada yake nikapita kama watu.

Mmarekani ana mambo yake. Pua yake nzito. Ukichelewa kushika breki anaendelea na safari yake kana kwamba kona ni shauri lako. Ukizidisha mafuta mkia unayumba, lakini unayumba polepole, unakuonya kwanza, nawe unarekebisha. Nilizidisha mara mbili na mara mbili akanisubiri nijirudi. Tulipomaliza sehemu ngumu, binti yangu alisema kwa sauti ile ile aliyoanza nayo, "Vizuri, baba. Sasa pumua." Ndipo nikagundua nilikuwa nimebana pumzi muda wote.

Nilishuka nimevimba kichwa. Nikamwambia meneja kwamba hili ni gari la wanaume, na kwamba huyo wa njano sidhani kama kuna haja. Meneja akasema haja ipo.

*

Kuingia ndani ya Mtaliano si kuingia, ni kujikunja. Goti langu lilipita karibu na kidevu. Nilipokaa nikaona mbele hakuna pua. Injini iko nyuma ya mgongo wako, unahisi mtu amekaa siti ya nyuma akikupumulia shingoni. Gia ni vipini viwili nyuma ya usukani. Klachi hakuna. Mguu wangu wa kushoto uliitafuta ile klachi siku nzima, kama mtu anayetafuta kandambili gizani.

Tulipoondoka nilibadilisha gia mapema, kama dereva yeyote mwenye huruma na injini.

"Usibadilishe bado," akasema.

"Inalia."

"Iache ilie. Ngoja. Ngoja kidogo tena. Sasa."

Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba injini ikipiga kelele kiasi hicho kuna kitu kinakaribia kuvunjika. Huyu alikuwa ndiyo kwanza anaamka. Huku chini ni gari la kawaida tu, ukimgusa anakutazama. Juu kabisa, pale ambapo ningekuwa nimeshaachia zamani, ndipo anapokuja, na anakuja mzima kwa mpigo mmoja. Na usukani, jamani. Kwa Mmarekani unatoa amri, na amri inafika. Kwa Mtaliano niliwaza kona, tukawa tumeshaingia. Nilikohoa, gari likasogea.

Mzunguko wa pili nilikuwa nimeanza kuelewa. Binti yangu akasema, "Safi sana," na wahenga hawakukosea: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kulikuwa na kona moja kubwa, ndefu, inayozunguka kilima, ambayo kwa Mmarekani nilikuwa nimeipita nikiwa nimetoa mguu kwenye mafuta katikati. Ndivyo dereva wa lori anavyofanya: ukiona mwendo umezidi, unaachia, injini inakushika. Nikaachia.

Sikuona kilichotokea. Niliona kilima, nikaona anga, nikaona banda tulilotoka, kisha kilima tena. Tulisimama kwenye majani tukitazama tulikotoka, vumbi likitupita polepole. Kule kwenye ukuta unaozunguka barabara nilimwona Miwani akisema kitu, na shemeji yake akiitikia sawa.

Nilisubiri binti yangu apige kelele. Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Utingo wangu mmoja aliwahi kushuka garini na kwenda zake kwa miguu kwa sababu ya kelele zangu. Yeye alilegeza mkanda, akageuza mwili, akanitazama.

"Baba, trela likikusukuma kwenye mteremko, likataka kukupita, unafanya nini?"

"Unalivuta," nikasema. "Unaongeza mafuta kidogo, unalinyoosha. Ukiachia au ukishika breki linakukunja."

"Umewahi kuachia hapo?"

"Nisingekuwa hapa."

"Basi sikiliza. Kule kwa Mmarekani nilikwambia hakuna trela. Hapa lipo." Akapiga kwa kisigino cha mkono ule ukuta mwembamba nyuma ya vichwa vyetu. "Ni hii injini. Uzito wote uko huku. Ukiachia katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, mkia unabaki mwepesi, unataka kutangulia. Usiliachie, baba. Livute."

Mimi nimeeleza kazi ya lori kwa watu wengi, wengine wakubwa kuliko mimi. Hakuna aliyewahi kuichukua kazi yangu, akaigeuza, akanirudishia ikiwa mpya. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikuwa nimekauka zamani, lakini yule mtoto alijua mahali pa kunikunjia. Niliona fahari, na pamoja nayo aibu, maana nilikuwa nimekaa kwenye majani.

Tuliirudia kona ile mpaka mchana. Alikuwa akisema maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, bila kuchoka. Breki mapema. Achia breki. Tazama unakokwenda, usitazame ukuta. Livute. Mara nyingine nilipita, mara nyingine mguu ulinyanyuka wenyewe kidogo na mkia ukatikisika, naye anarudia tu. Tulipoenda kupumzika bado sikuwa na uhakika na mguu wangu wa kulia.

*

Miwani na shemeji yake walitangulia mzunguko wa kimya. Walichagua Mmarekani. Kijana alipita kila kona kama mtu anayebeba trei ya mayai, polepole, safi, bila kosa. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, mimi si mtoto.

Nilikwenda kunawa uso kwenye bomba nyuma ya banda. Pale alikuwepo mwosha magari, mzee wa rika langu, akisuuza matambara. Akaniuliza, "Wewe unachukua lipi?"

"La buluu," nikasema. "Nina akili timamu."

"Ni kweli," akasema. "Ila mtoto atakosa."

"Kwa nini akose?"

"Wakilingana, anachukua aliyetangulia kazini. Miwani ametangulia. Ukipita na la buluu bila kosa, mmelingana; la njano ndilo gumu, nalo lina alama zaidi."

Nilirudi kwa binti yangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za banda anakula embe lililokatwa, ametulia, kama hana shida yoyote duniani. Nikamuuliza kama aliyosema yule mzee ni ya kweli. Akasema ni kweli.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayeendesha. Chukua unaloliamini, baba. Usinifikirie mimi. Ukipita salama na Mmarekani, nimefurahi."

Alikuwa ameshapitwa mara mbili, na alikuwa tayari kupitwa mara ya tatu ili mimi nisiaibike mbele ya muuza vitambaa. Hasira ilinipanda. Sikumkasirikia yeye, niliukasirikia mguu wangu. Nikampungia meneja mkono kwa mbali. "Mama, sisi tunachukua la njano," nikasema.

Binti yangu aliacha kutafuna. Akafuta vidole.

*

Nilijikunja nikaingia. Akaingia upande wake. Akafunga mkanda, akaweka mikono juu ya magoti, vidole vikiwa wazi, akatazama mbele. Meneja akashusha bendera na kuanzia hapo binti yangu akawa kimya.

Hukijui kimya mpaka ukae na mtu aliyekusemesha tangu asubuhi, halafu anyamaze. Nakikumbuka kimya chake kuliko ninavyoikumbuka barabara. Kila mahali alipokuwa akisema jambo, palikuwa na shimo. Maneno yake yalikuwa yakinipita kichwani, na mimi nikiyafuata. Nilingoja injini ilie mpaka juu kabisa ndipo nikavuta gia. Nilishika breki mapema. Kona za mwanzo zikapita vizuri, hata nikaanza kusikia raha, ile raha ya gari linalofanya unachofikiri.

Kisha kikaja kilima.

Niliingia kwa kasi zaidi ya asubuhi, najua, nilihisi kwenye mbavu. Kona ile ni ndefu. Ukiwa ndani yake unapata muda wa kuogopa vizuri. Ukuta ulikuwa upande wa nje, na katikati kabisa mguu wangu wa kulia ulitaka kunyanyuka. Si mimi, ni mguu. Ulikuwa na miaka yake mingi ya kuachia, na kila uzoefu wangu ulikuwa upande wake. Nikaona kwa pembe ya jicho mikono ya binti yangu. Vidole bado vilikuwa wazi. Hakushika kiti, hakushika mlango. Kama angekunja hata kidole kimoja ningeachia.

Nikauma meno, nikalivuta. Mtaliano akachuchumaa chini, akashika lami, akazunguka kilima kizima kwa mstari mmoja, na tukatokea upande wa pili barabara ikiwa imenyooka mbele yetu.

Sikumbuki kona zilizobaki. Nakumbuka tulisimama mbele ya banda, mikono yangu ikakataa kuachia usukani, na binti yangu bado hakusema kitu, maana injini ilikuwa haijazimwa na mzunguko haujaisha.

*

Nilipotoka, meneja alikuwa anakuja, na nyuma yake Miwani. Kwa desturi yao mwanafunzi huulizwa swali moja, na meneja akaniuliza: magari haya mawili yanatofautiana nini?

Nikamwambia, "Mmarekani ukimwambia jambo nusu, nusu iliyobaki anamalizia mwenyewe. Ana nguvu na ana huruma. Huyu wa njano anafanya ulichosema tu, hata kama umesema upuuzi. Mmarekani ningekwenda naye safari ndefu. Huyu ningekwenda naye kama nina mtu wa kunifundisha kusema vizuri."

Meneja akatikisa kichwa kukubali. Lakini Miwani hakuwa amekuja kusikiliza maneno yangu. "Samahani, mzee," akasema, kwa adabu kabisa, "sina ubaya na mtu. Ila nilikuwa mlangoni kwa meneja, nimesikia kwenye spika. Mwalimu aliongea. Aliongea njia nzima."

Nikamwambia nilikuwa nimekaa pembeni ya mwanangu, na kwamba hakufungua mdomo, hata kupiga mwayo, na mtu anayesema vinginevyo avue hiyo miwani aniambie nikimwona macho. Binti yangu akanishika kiwiko. Cha ajabu, naye hakukataa. Alikuwa anatazama viatu vyake, na midomo ameibana.

"Hata mimi nimesikia kitu," meneja akasema. "Injini inapiga kelele, sikuwa na hakika. Twendeni tukasikilize."

Tuliingia kwenye chumba chake cha vioo, sote, na shemeji mtu akasimama mlangoni. Niliingia kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Nikawaza, labda alinong'ona na sikusikia kwa ajili ya woga. Labda nimemponza. Meneja akabonyeza kitufe.

Kwanza injini tu. Kisha, chini ya ile kelele, sauti ya mtu.

"Ngoja. Ngoja kidogo tena. Sasa."

Ilikuwa sauti nzito, imekwaruza, sauti ya mtu aliyekula vumbi la barabara na kupiga kelele kwa mautingo. Sikuitambua. Nilitazama huku na huku nikijiuliza huyu mzee ni nani na aliingiaje garini.

"Breki mapema. Achia breki. Tazama unakokwenda, usitazame ukuta. Usiliachie, baba. Livute. Livute, baba. Livute."

Mtaliano akalia mpaka juu kabisa, kilima kikapita, injini ikatulia. Na ile sauti, sauti yangu mimi, ikasema kwa upole ambao mke wangu hajawahi kuusikia, "Vizuri, baba. Sasa pumua." Na baada yake ikasikika pumzi moja ndefu.

Aliyeanza kucheka ni Miwani. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, akaenda kumpa binti yangu mkono, akaushika kwa muda mrefu. Yule kijana wa vitambaa akacheka. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kona ya meza, anacheka na machozi yanamtoka, anasema, "Njia nzima, baba. Nimeuma ulimi njia nzima nisicheke." Meneja alisubiri watulie, akamwambia kwamba kesho afike mapema, kwa sababu mwalimu mkuu ndiye anayepanga zamu.

Mimi sikucheka na wala sikuona haya. Nilivuta kiti, nikakaa, nikamwomba meneja airudie tena tangu mwanzo, na afungue mlango ili na walioko nje wasikie.